Pimbi Hapigiwi X

Wazee wangu, mama zangu, mwenyekiti wetu wa mtaa, kaka zangu wahandisi na mafundi, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha: mwangaluka.

Niliombwa nizungumzie kuwahamisha wanyama wadogo kabla barabara haijajengwa. Naanza na mtu.

Kile kisiwa mnachokiona mkisimama Capri Point hapa Mwanza, Saanane, kilikuwa kwake mzee mmoja mvuvi na mkulima, Mzee Saanane Chawandi. Miaka ya 1960 serikali ikakihitaji kwa ajili ya bustani ya kwanza ya wanyama katika nchi hii. Mzee akalipwa fidia, akahama, na mwaka 1964 bustani ikaanzishwa. Mwaka 1991 kisiwa kikawa pori la akiba, na 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote tulizonazo. Jina la mzee halikuondoka. Kwa hiyo mji wetu huu uliwahi kumhamisha mtu kuwapisha wanyama. Siku hizi tunamhamisha mnyama kuipisha lami, na nililokuja kusema ni kwamba hii kazi ya pili tunaifanya bila adabu ya ile ya kwanza.

Mnaijua X nyekundu. Barabara kuu ina hifadhi yake, mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba iliyo ndani yake ikipigwa X, kwamba itabomolewa, mwenye nyumba hapati usingizi. Lakini hata kwenye uchungu ule kuna utaratibu. Mthamini anakuja, anahesabu vyumba, anahesabu miembe, anahesabu choo. Mama mwenye nyumba anapigwa picha ameshika kibao chenye namba. Malipo yanaweza kuchelewa, najua, mtayasema wakati wa maswali. Ila jina lake limeandikwa mahali.

Pimbi hapigiwi X. Yeye habari anazipata baruti inapolia.

Na hapa kwetu tukisema wanyama wadogo wa barabarani, wa kwanza ni pimbi, maana Mwanza ni mawe na pimbi ni mtu wa mawe. Mtaani ukimwita mtu pimbi umemtukana: umemwambia ni mfupi, au akili yake ndiyo fupi. Mimi nimekulia Mabatini, juu kabisa, nyumba zilikobandikwa kwenye majabali kama viota vya mbayuwayu. Mama yangu alikuwa akipasua kokoto. Pimbi walikuwa majirani zetu, tukiwarushia mawe na wao wakitutazama tu, kwa dharau. Ujinga wao sikuuona.

Huyu mnyama si panya wala sungura, ingawa ndivyo anavyofanana. Ndugu zake ni tembo na nguva. Wanaokwenda kanisani wamesikia akiitwa wibari. Mwili wake hautunzi joto vizuri, ndiyo sababu asubuhi mnawaona wamejipanga juu ya jiwe wakiota jua kama wazee wa kijiweni kabla kahawa haijachemka. Nyayo zake ni laini na zina unyevu, zinashika jabali kama tairi jipya. Ila kuchimba hajui. Hili wahandisi naomba mliandike: pimbi hachimbi. Panya ukimtoa kwenye shimo lake atachimba lingine usiku uleule. Pimbi ukimtoa kwenye ufa wa jiwe, lazima kuwe na ufa mwingine, wenye upana unaomruhusu yeye na kumkataza mbwa, na kina cha kumficha na tai. Ufa wa namna hiyo haupatikani kila kilima.

Tena mimba yake inazidi miezi 7. Mnyama wa kilo 3 au 4, miezi 7! Sungura hubeba mwezi mmoja. Na majike wa kundi moja huzaa karibu wakati mmoja, kwa hiyo kuna majuma katika mwaka ambayo jabali zima ni chumba cha wazazi. Ukilipua majuma hayo umefagia kizazi.

Sasa niwape kisa changu, na mniwie radhi, si kizuri.

Nilikuwa nimetoka chuo, nimeajiriwa kama msaidizi wa mambo ya mazingira kwenye barabara moja ya kandokando ya ziwa. Barabara siitaji na kampuni siitaji, maana nusu ya kosa ni langu. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ilikuwa nene kama tofali, na kuhusu wanyama kama hawa ilikuwa na sentensi moja: wanyama wadogo watahamishwa kabla ya kazi kuanza. Basi. Nani atawahamisha, lini, kwenda wapi, kwa fedha ya nani, haikusema. Jumatatu msimamizi wa saiti akaniambia, dada, Ijumaa tunapiga baruti pale kwenye mkato, jabali linapokatwa barabara ipite, wale wanyama wako uwatoe.

Wanyama wangu. Siku nne.

Nikapewa vijana watatu. Fundi wa mageti akatuchomelea mitego sita ya sanduku, tukaweka majani ya viazi vitamu na kabichi. Kufikia Alhamisi jioni tulikuwa na pimbi tisa, na nilijiona mtaalamu. Nikawapaka alama mgongoni ili niwatambue baadaye, kwa rangi niliyoomba kwa wapima, ileile nyekundu ya kupigia X. Tukawapakia kwenye pikapu hadi kilima kingine, kizuri, mawe makubwa, na nikafurahi zaidi nilipoona pimbi wengine wanaishi pale. Nikasema moyoni, kama wenzao wapo, basi pazuri. Tukafungua milango, wakatoka mbio, tukapiga picha. Ijumaa baruti ikalia.

Jumamosi mtoto wa pale karibu akaja amebeba ndoo. Ndani ya ndoo kuna kitoto cha pimbi. Pimbi huzaliwa macho wazi na manyoya tayari, kwa hiyo sikuweza kujua kina siku ngapi. Nilijua kimoja tu: mama yake yuko kule kilimani. Nilimpeleka mimi mwenyewe, kwa pikapu.

Na kule kilimani? Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pimbi hana methali hiyo. Kundi la pimbi lina dume mmoja mwenye eneo lake, majike wanaozaliwa humo na kubaki humo, na madume vijana wanaofukuzwa wakikomaa. Nilikuwa nimewamwagia watu wa kilima kile wageni tisa waliochanganyikana, bila kujua nani mke wa nani. Juma la kwanza niliona migongo miwili yenye rangi nyekundu, pembeni kabisa, chini, mahali ambapo hakuna ufa. Juma la tatu sikuona hata mmoja. Kwenye taarifa ya mradi iliandikwa kwamba wanyama tisa walihamishwa kwa mafanikio. Niliiandika mimi.

Miaka kadhaa baadaye nikasoma kilichotokea Afrika Kusini, jimbo la KwaZulu-Natal. Wenzetu wale walikuwa watafiti, si mtu na fundi mageti, na mara mbili walijaribu kuwarudisha pimbi kwenye hifadhi moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009, na mara zote mbili walishindwa. Kundi lilivunjika, wanyama wakatawanyika, wakaliwa. Niliposoma nilifarijika kwanza, kwa aibu, kwamba sikuwa peke yangu. Kisha nikaogopa. Kama waliopanga walishindwa, sisi wa siku nne tunafanya nini?

Najua kuna mtu atasema Rubondo. Katika ziwa hilihili, kati ya 1966 na 1969, sokwe 17 waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya waliachiwa kwenye kisiwa cha Rubondo, na wakazaa, na wajukuu zao wapo hadi leo. Kweli. Lakini angalieni walipewa nini. Kisiwa kizima chenye msitu, na hakuna sokwe mwenyeji hata mmoja wa kuwafukuza. Walikuta nyumba tupu yenye chakula. Vifaru nao walipelekwa Rubondo miaka hiyo ya 1960, na leo hawapo. Kwa hiyo Rubondo haitufundishi kwamba kuhamisha ni rahisi. Mimi inanifundisha niulize kwanza habari za nyumba wanakopelekwa.

Wenzetu wa mbali wamelifanya hili kuwa kazi yenye kalenda. Uingereza kuna mnyama mdogo wa vichakani wanayemwita domausi, manyoya rangi ya dhahabu, mkia wa manyoya, uzito wake wa kawaida gramu 15 hadi 20, yaani kama vijiko vinne vya chai vya sukari. Sheria inamlinda. Huwezi kufyeka kichaka chake bila kibali, hata kama barabara ni ya taifa. Huyu hulala usingizi majira yote ya baridi, na hulalia chini, kwenye majani makavu na mashina. Wakandarasi wanafanyaje? Hawamkamati. Wakati wa baridi, yeye akiwa amelala chini, wanaingia kwa mikono na misumeno midogo, hakuna katapila, wanakata matawi ya juu tu na kuacha mashina na mizizi palepale. Kisha wanaondoka. Wanasubiri miezi. Mnyama anaamka kwenye joto, karibu mwezi Mei, anatazama: juu hakuna matawi, hakuna maua, hakuna njia ya kupita. Anahamia mwenyewe kichaka cha jirani, ambacho kiliachwa makusudi na kikaunganishwa na hiki. Hapo ndipo mashina yanang'olewa. Ukichanganya miezi, ukaleta katapila Januari, umemsaga amelala.

Mimi hili lilinishangaza kuliko daraja lolote. Mkandarasi analipwa kusubiri. Na mnyama anahama kwa miguu yake, na wanawe, na anayemjua.

Ufaransa nako kuna hamsta mkubwa, jamii ya panya, wa jimbo la Alsace, anayeishi mashimoni mashambani. Nchi nzima ilishtakiwa kwa ajili yake, na mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba Ufaransa haikumlinda vya kutosha. Ilipojengwa barabara ya kuuzunguka mji wa Strasbourg, iliyofunguliwa Desemba 2021, hamsta alikuwemo kwenye hesabu. Lakini kisa chake ninachokipenda ni cha chakula. Watafiti waliwalisha hamsta mahindi, maana mashamba ya kule yamejaa mahindi matupu, na majike wakawa wanakula watoto wao. Ilikuwa upungufu wa vitamini B3, walipoongezewa, wakalea. Mtu wa ugali kama mimi nikisoma hivyo naangalia sahani yangu. Ila somo ni lilelile la kilima changu: unaweza kumpeleka mnyama mahali penye nafasi, penye amani, na akamalizika kwa kukosa kitu ambacho hukujua kama anakihitaji.

Wengine nawapitia haraka. Kakakuona, ambaye biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa aina zote 8 mwaka 2016, huwezi kumsukuma ahame, kwa kuwa akiogopa anajikunja kama mpira na kukusubiri uondoke. Dereva wa greda akimwona asimamishe mashine na kuita watu wa wanyamapori, basi, na asipigwe picha za kuzungusha kwenye simu, maana wawindaji nao wana simu. Fisi maji wa ziwani yeye hahitaji kuhamishwa. Anahitaji karavati lenye kingo kavu pembeni, ili maji yakijaa asilazimike kupanda juu ya lami na kugongwa. Kingo ya zege, upana wa hatua moja. Ni mchoro wa nusu saa.

Turudi kwenye mawe yetu.

Mimi si adui wa barabara. Nimepanga foleni ya kivuko Kigongo usiku na mgonjwa ndani ya gari, kwa hiyo daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, nilipita nikiwa nimefungua dirisha. Ninalobishana nalo ni tarehe. Kaka zangu wakandarasi mna msemo: kama halimo kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake kwenye mkataba, halipo. Ni kweli, na mimi niliuona ukweli wake kwenye ndoo. Sheria zipo. Ya mwaka 2004 inadai tathmini ya mazingira kabla ya barabara kubwa, na ya wanyamapori ya 2009 inasema humkamati mnyama bila kibali. Lakini sheria inaleta ripoti. Kinacholeta siku na mshahara ni mkataba.

Ningekuwa ninaandika mimi, mstari wa kwanza ungekuwa kuhesabu, mwaka mmoja kabla, wakati mstari wa barabara bado ni penseli. Kuwahesabu pimbi ni kazi rahisi. Mkojo wao ukikauka huacha madoa meupe jabalini, na choo chao ni kimoja kwa kundi zima, kwa hiyo hata asiyewaona atajua wanakaa wapi. Ukishajua, mara nyingi penseli inaweza kusogea. Mita 15 kushoto, jabali limebaki, na baruti umeokoa vilevile. Mhandisi mmoja aliniambia hakuna aliyewahi kumwomba asogee kwa sababu ya pimbi, ndiyo maana hakusogea.

Penseli ikikataa, basi tufanye ya domausi kwa namna ya mawe. Jabali linalobomolewa liwe na jabali linalobaki jirani, na kati yake kuwe na njia ya mawe na vichaka, si uwanja mtupu wa kumpa tai karamu. Mawe makubwa yanayotoka kwenye mkato yasipelekwe yote kwenye kokoto; kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kiyapange upande salama, moja juu ya jingine, yaache nyufa. Kisha tungoje pimbi wayazoee. Vichaka vya upande wa barabara vifyekwe kidogo kidogo kwa panga, watu watembee pale kila siku, pimbi wachukie pale. Watoto wawe wamekua. Nyufa zikaguliwe moja moja kwa tochi. Baruti iwe ya mwisho.

Mitego ni kwa waliobaki tu, na wakikamatwa wakamatwe familia nzima, daktari wa mifugo awatazame upele, wapelekwe jiwe lisilo na dume mwenyeji, wafungiwe palepale kwa wavu siku kadhaa wakilishwa majani ya hapo kabla hawajafunguliwa. Halafu mtu alipwe kwenda kuwatazama kwa mwaka mzima, na aruhusiwe kuandika kwamba wamekufa ikiwa wamekufa. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Ya kupanga mawe dereva wa kijiko atayamaliza kwa siku chache.

Mkutano uliopita mama mmoja alisimama pale, yupo hata leo, ananitazama. Akasema: mwanangu, sisi hatujalipwa, wewe unahangaika na pimbi? Watu walipiga makofi, na walikuwa na haki. Sikumjibu vizuri siku ile. Nimelala nalo. Mama, ratiba inayomvamia pimbi Ijumaa ndiyo hiyohiyo iliyokuvamia wewe. Mtu ambaye mwaka mmoja kabla amekaa na orodha ya majabali mkononi, nyumba yako ameipita mara ngapi? Angekuwa amekuona. Si kwamba nataka pimbi atangulie kwenye foleni ya malipo. Nataka wanaopanga barabara wawe wameshafika mahali hapa kabla mashine hazijafika, wakiwa na daftari, kwa miguu, na wakikutana nawe mlangoni wakusalimie.

Nimemaliza, ila nina ombi moja la kazi. Mstari wa barabara yetu bado ni penseli. Mhandisi amekubali kwa kichwa, mmemwona. Kwa hiyo kesho saa moja asubuhi tunaanza kuhesabu pale nyuma ya shule, kwenye yale mawe matatu makubwa. Mje na koti, maana upepo wa ziwa wa asubuhi mnaujua. Msije na mbwa. Tutakaa chini kimya kama nusu saa hivi mpaka jua liguse jiwe la juu, na wao watatoka wenyewe, mmoja mmoja, mkubwa kwanza. Daftari ninalo. Mama, nimekuwekea kiti.